Ghala la mbolea: nani asikae jirani na nani

Kemikali nyingi za kwenye ghala la mbolea zikiachwa peke yake hazina ugomvi na mtu. CAN (mbolea ya nitrati ya amonia iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa) iliyofungwa vizuri, ikapangwa juu ya zege kavu, itakaa miezi na hakuna litakalotokea. Balaa huanza inapopangwa bega kwa bega na salfa, pipa la dizeli, ndoo ya klorini au marobota ya mifuko mitupu, halafu siku moja waya ukapiga shoti. Mwongozo huu ni wa meneja wa ghala, mtunza stoo na msimamizi wa kiwanda cha kuchanganya mbolea. Glavu na mabango vina nafasi yake, lakini kazi kubwa ni ya kupanga, na hiyo hufanyika kabla lori halijafunguliwa turubai.

Jua ulichopokea

Usipange mzigo kwa jina la biashara wala kwa rangi ya punje. Soma lebo, kisha karatasi ya taarifa za usalama iliyokuja na shehena. Isipokuwepo, mzigo ubaki kwenye lori mpaka itumwe. Ukishaisoma, utaona bidhaa zako zinaangukia makundi manne.

La kwanza ni mbolea za nitrati: nitrati ya amonia yenyewe, CAN, nitrati ya potasiamu, nitrati ya kalsiamu na baadhi ya NPK (mbolea zenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa pamoja). Hizi haziwaki zenyewe, ila zikipata joto hutoa oksijeni ya kulisha moto wa kitu kingine. Ndiyo maana moto uliozifikia hauzimiki kwa kunyimwa hewa. La pili ni urea, SA (salfeti ya amonia), DAP (fosfeti ya diamonia) na MOP (kloridi ya potasiamu), ambazo hazichochei moto lakini zina tabia zake zikikutana na wengine. La tatu ni asidi na amonia, kwa viwanda vinavyotumia. La nne ni wale tunaoweza kuwaita wageni: salfa, dawa za wadudu, vidonge vya kufukizia nafaka, klorini ya maji, saruji, chokaa, mafuta ya mashine, mitungi ya gesi. Kundi hili la nne ndilo lenye kuleta maafa, kwa sababu hakuna aliyelipangia mahali. Linaingia ghalani kidogo kidogo, kwa sababu tu nafasi ilikuwepo.

Kwa CAN na nitrati ya amonia kuna hesabu ya haraka. Chukua asilimia ya nitrojeni iliyoandikwa kwenye mfuko, gawa kwa 35, zidisha kwa 100: utapata asilimia ya nitrati ya amonia iliyomo. CAN ya 26 ina 74 hivi, ya 27 ina 77, na nitrati ya amonia ya 34 ina 97. Katika kanuni za Ulaya mstari unapita kwenye nitrojeni ya asilimia 28 itokanayo na nitrati ya amonia, yaani nitrati ya asilimia 80. Inayovuka hapo inachukuliwa kuwa ya hatari kubwa zaidi. CAN iko chini ya mstari kwa sababu imepozwa na unga wa mawe ya chokaa. Kuwa chini ya mstari hakukupi ruhusa ya kuichanganya hovyo na mafuta au salfa. Hesabu hii usiitumie kwa NPK wala kwa mchanganyiko wenye urea, kwa sababu nitrojeni yake inatoka sehemu zaidi ya moja.

Nitrati ya amonia iliyotengenezwa kwa ajili ya migodi isiingie kabisa kwenye ghala la mbolea. Ina masharti yake na ghala lake.

Majirani wasiopatana

Anza na salfa. Mtwara na Lindi, ambako wakulima wa korosho wanaipuliza dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, ni kawaida kukuta ghala moja la chama cha msingi likibeba salfa ya unga msimu mmoja na mbolea msimu unaofuata, na mara nyingine vyote kwa pamoja. Salfa ni kuni nzuri sana kwa nitrati, na vumbi lake likitanda hewani laweza kulipuka hata bila nitrati. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinakataza salfa na unga wa metali kukaa jengo moja na nitrati ya amonia, na hapo hakuna la kujadili: jengo tofauti. Ghala likiwa moja tu, chagua utauza kipi. Salfa ikishatoka, fagia, futa boriti na kona zote, osha sakafu na uiache ikauke kabla ya kuingiza CAN.

Dizeli, petroli, oili chafu, grisi na mitungi ya gesi zikae nje, kwenye kibanda chake, mahali ambapo pipa likivuja maji ya mvua hayasukumi mafuta kuelekea mlango wa ghala. Kumbuka pia mafuta yanayopulizwa kwenye punje kuzuia vumbi katika kiwanda cha kuchanganya. Pipa lake mara nyingi hukaa pembeni ya hopa (faneli kubwa ya kulishia mashine) kwa miezi, likidondosha tone moja moja. Weka trei ya chuma chini yake, na ingiza ndani kiasi cha zamu moja tu.

Klorini ya kutibu maji, iwe ya unga au vidonge, isikaribie nitrati, urea wala SA. Ikikutana na nitrojeni ya aina hii penye unyevu hutoa nitrojeni trikloridi, kemikali inayolipuka kwa kuguswa tu. Huko Toulouse, Ufaransa, tarehe 21 Septemba 2001, tani 300 hivi za nitrati ya amonia iliyokataliwa ubora zililipuka na kuua watu 31, na mashtaka yaliyofuata yalihusisha mlipuko huo na taka zenye klorini zilizomwagwa juu yake. Kwenye ghala la kawaida klorini huingia kwa njia ndogo zaidi: ndoo ya kutibu maji ya tangi inayohifadhiwa na mtu wa usafi nyuma ya malundo.

Saruji na chokaa ya kujengea ni jirani wa kila siku, maana duka la pembejeo mara nyingi ndilo duka la vifaa vya ujenzi. Zikigusana na CAN, SA au DAP penye unyevu hutoa amonia. Utaisikia puani na machoni kabla hujaona chochote. Haziwashi moto, lakini zinaharibu mbolea na kuumiza mapafu ya makuli waliofungiwa na mzigo ndani ya kontena. Unga wa mawe ya chokaa wa shambani ni mpole zaidi, ila nao ukae mbali na mifuko iliyofunguliwa.

Urea na CAN nazo hazipatani, ingawa kila mtu huzipanga pamoja. Katika joto la nyuzi 30, nitrati ya amonia huanza kunyonya maji ya hewani unyevu ukifika asilimia 59 hivi, urea ikifika 73 hivi, DAP zaidi ya 80. Changanya urea na nitrati ya amonia, kiwango hicho kinashuka hadi karibu asilimia 18. Hakuna mahali Afrika Mashariki ambapo hewa hubaki kavu kiasi hicho, kwa hiyo mchanganyiko utageuka uji hata Dodoma wakati wa kiangazi. Uji huo huingia kwenye nyufa za sakafu na kula chuma cha mashine. Acha njia kamili kati ya malundo hayo mawili, tumia sepeto na ufagio tofauti, na hopa isafishwe kabisa kabla ya kubadili bidhaa.

Halafu kuna wachocheaji. Kloridi, ambayo ndiyo nusu ya MOP, pamoja na chumvi za shaba na zinki zinazoongezwa kama virutubishi vidogo, huharakisha kuvunjika kwa nitrati ikipata joto. Baadhi ya NPK zenye nitrati na kloridi zinaweza kuanza kuungua taratibu ndani kwa ndani bila ndimi za moto, na zikaendelea hata chanzo cha joto kikiondolewa. Februari 2007 meli Ostedijk ilipata janga hilo karibu na pwani ya Hispania ikiwa na NPK 15-15-15, na moshi wake ulifuka kwa siku kadhaa. Mifuko ya zinki salfeti, shaba salfeti na boraksi ipewe chumba chake, na ipimwe huko huko.

Vidonge vya fosfidi ya alumini vya kufukizia mahindi vikipata unyevu hutoa fosfini, gesi inayoua na inayoweza kujiwasha yenyewe. Mahali pake ni kabati lenye kufuli, pakavu, nje ya ghala la mbolea. Usiviweke chini ya paa linalovuja wala kwenye kabati lililo juu ya sinki.

Umbali gani unatosha? Kwa asidi, mafuta na kemikali nyingine za kaboni, kanuni hizo za Marekani zinataka ama ukuta unaostahimili moto kwa saa moja ama nafasi ya futi 30, ambayo ni mita 9 hivi. Ukuta wa matofali uliofika hadi kwenye bati unafaa. Ukuta ulioishia usawa wa linta, juu ukaacha wazi, haufai kitu, kwa sababu moto na mvuke hupitia juu.

Jengo

Sakafu iwe ya zege isiyo na nyufa, kavu, na isiyo na mitaro wala mashimo ndani. Hili la mitaro wengi hulishangaa. Nitrati ya amonia huyeyuka karibu na nyuzi 170, na ikiyeyuka hutiririka kama maji. Ikikusanyika ndani ya bomba au shimo lililofunikwa, joto na mbano huigeuza bomu. Mtaro wa zamani uzibwe kwa zege kabla ya mzigo kuingia. Lami hairuhusiwi sakafuni, wala mbao.

Kenchi za mbao, dari ya plaiwudi na vizimba vya mbao vya kutenganishia mbolea ya wazi ni kuni zilizojengewa juu ya mzigo. Huko West, mji wa Texas, Marekani, tarehe 17 Aprili 2013, mbolea ilikuwa ndani ya vizimba vya mbao kwenye jengo la mbao lisilo na mfumo wa kunyunyiza maji. Moto uliripotiwa, na dakika 20 hivi baadaye tani 30 hivi zikalipuka. Walikufa watu 15, na 12 kati yao ni waliokuja kuzima na kuokoa. Huna fedha ya kubadili kenchi zote? Basi ondoa dari na vizimba kwanza, na weka nitrati upande wenye kenchi za chuma.

Mabati yasivuje. Acha matundu ya hewa juu na chini ya kuta, yenye wavu wa kuzuia ndege na panya. Taa ziwe za LED zenye kifuniko kisichopitisha vumbi, zikae juu ya njia na si juu ya malundo, na swichi kuu iwe nje ya jengo ili umeme ukatwe usiku bila mtu kulazimika kuingia.

Kupanga malundo

Uingereza wanashauri lundo moja la mbolea ya nitrati lisizidi tani 300, yaani mifuko 6,000 ya kilo 50. Kwa ghala la wilayani ningependekeza kiasi kidogo zaidi. Upana wa mita 6 na urefu wa mita 15 ndio ukomo wa lundo la mifuko katika kanuni za Marekani. Lundo la namna hiyo likipanda mita 3 linabeba tani 250 hivi, na hapo tayari unayo ya kutosha kushughulika nayo siku ya matatizo.

Acha sentimita 80 kati ya lundo na ukuta, mita 1 kati ya lundo na lundo, na angalau njia kuu moja ya mita 1.2 kama mnabeba kwa mabega, au upana wa foklifti na nusu kama mnatumia mashine. Kati ya mfuko wa juu na kenchi ibaki mita 1. Nafasi ya ukutani si ya urembo: ndipo unapopita kila asubuhi kuangalia bati linalovuja, mfuko uliopasuka na shimo la panya. Chora mistari ya njano sakafuni, la sivyo msimu wa kupandia ukifika nafasi zote zitajaa DAP.

Anza na tabaka la chini juu ya karatasi ya plastiki nzito au chaga safi. Fungamanisha mifuko kama mafundi wanavyofungamanisha matofali, kila tabaka likivunja mshono wa tabaka la chini, na kuanzia tabaka la sita rudisha ukingo ndani nusu mfuko. Mifuko ya plastiki iliyofumwa huteleza, na vumbi likiwa kati ya matabaka huteleza zaidi. Chaga tupu na marobota ya mifuko mitupu visilale ghalani hata usiku mmoja. Mfuko mtupu wenye mabaki ya nitrati unashika moto kwa urahisi.

Mfuko wenye joto la zaidi ya nyuzi 54 usipangwe. Kontena lililokaa juani bandarini kwa wiki linaweza kukaribia hapo, kwa hiyo fungua milango, acha mzigo upumue, pima kwa kipimajoto cha fimbo katikati ya mfuko, kisha ndipo uingize.

Nyuzi 32

Dar es Salaam, Mombasa na Tanga zina adui ambaye Makambako, kwenye nyanda za juu zenye baridi, hawamjui sana. Punje ya nitrati ya amonia hubadili umbo lake la ndani kila joto linapovuka nyuzi 32, kupanda au kushuka, na kila mara hupanuka au kusinyaa kidogo. Chini ya bati la pwani hilo hutokea mchana na usiku, siku baada ya siku. Baada ya wiki kadhaa punje hupasuka, mfuko hufura, unga laini hutoka kwenye mshono, na unga huo hunyonya unyevu na kuganda mabonge. Ukibonyeza mfuko ukauhisi mgumu kama tofali kwenye kona na laini kama unga katikati, mzunguko huo umeshakwenda mbali. Mzigo wa namna hii utoke kwanza. CAN huvumilia zaidi lakini si kwa muda usio na mwisho.

Dawa yake ni kupunguza mruko wa joto: paka mabati rangi nyeupe nje, panga nitrati upande usiopigwa na jua la alasiri, na usisogeze lundo karibu na bati. Milango ifunguliwe hewa ya nje ikiwa kavu, kwa kawaida adhuhuri, na ifungwe alfajiri, jioni na wakati wa mvua. Kipima unyevu cha ukutani ni cha bei nafuu na kitakusaidia kuliko kubahatisha. Mfuko uliofunguliwa kwa sampuli ushonwe siku hiyo hiyo.

Mbolea iliyoganda isipigwe kwa nguvu ya mlipuko wa aina yoyote. Hilo linaonekana wazi leo, lakini Oppau, Ujerumani, walikuwa na mazoea ya kuvunja lundo lililoganda kwa baruti, hadi tarehe 21 Septemba 1921 sehemu ya lundo ilipolipuka na kuua zaidi ya watu 500. Viringisha mfuko, uangushe kutoka kimo cha goti, au tumia mashine ya kuvunja mabonge iliyosafishwa mafuta.

Mashine, kuchomelea na kufagia

Foklifti iegeshwe nje na ijazwe mafuta nje. Kila asubuhi dereva aangalie hosi za haidroliki, maana ikipasuka juu ya lundo inamwaga lita kadhaa za oili kwenye mifuko ambayo hutaweza kuisafisha. Bomba la moshi liwe na kizuia cheche na lisielekee kwenye mifuko. Mikanda ya kusafirishia mbolea ikikwama huchemsha rola. Mbolea iliyojibana kati ya rola na fremu ndiyo huanza kuungua, na hutambulika kwa harufu kali kabla ya moshi.

Kuchomelea na kutumia grainda ndani ya ghala hakufanyiki bila kibali cha maandishi. Ondoa mbolea yote kuzunguka, fagia na osha eneo, funika yanayobaki kwa turubai lisiloshika moto, weka mtu na hosi ya maji yenye presha, na abaki hapo angalau saa moja baada ya kazi kwisha. Shafti na mabomba yenye uwazi ndani yafunguliwe na kuoshwa kwanza. Mbolea iliyopenya humo ikapashwa joto na mchomeleaji haina pa kutokea, na hupasua chuma usoni mwake.

Mbolea iliyomwagika na kufagiwa hairudi kwenye lundo. Imebeba vumbi, nyuzi za mifuko, labda oili. Iweke kwenye mfuko wenye alama, nje ya lundo, ichanganywe na mchanga na itumike shambani wiki hiyo, isipokuwa kama imeshika mafuta. Hiyo ielekezwe kwa mtaalamu wa taka hatarishi. Maranda na pumba visitumike kamwe kukaushia chochote kwenye ghala la nitrati.

Asidi

Viwanda vinavyosindika fosfeti hutumia asidi ya salfuriki au ya fosforiki, na kosa linalorudiwa ni kuipokea kama maji. Tangi la plastiki la lita 1,000 lenye kizimba cha chuma, likijaa asidi ya salfuriki ya asilimia 98, lina uzito wa kilo 1,840 za asidi peke yake. Pamoja na tangi ni tani 1.9. Foklifti ya tani 1.5 haiwezi, na ya tani 2 inakuwa ukingoni kwa sababu uzito umesogea mbele ya mlingoti. Tumia ya tani 2.5 au 3. Soma kibao cha tangi kuona kama limeidhinishwa kwa kimiminika kizito kiasi hicho, na usilipandishe juu ya jingine.

Matangi yakae ndani ya beseni la zege lililopakwa rangi isiyoliwa na asidi, chini ya paa. Ujazo wa beseni uwe asilimia 110 ya tangi kubwa au asilimia 25 ya jumla, kile kilicho kikubwa. Ukiwa na matangi sita ya lita 1,000, hiyo ni lita 1,500. Beseni la mita 4 kwa 3 linahitaji kina cha sentimita 12.5, kwa hiyo jenga 20 ili kufidia nafasi inayoliwa na miguu ya matangi. Usiweke bomba la kutolea maji chini. Valvu ya namna hiyo huachwa wazi, na hiyo ndiyo siku asidi inayomwagika.

Asidi ya salfuriki kali hukaa kwenye chuma cha kawaida bila shida kubwa, lakini ikipata unyevu ikawa nyepesi huanza kukila na kutoa hidrojeni. Asidi ya fosforiki huanza kukila tangu siku ya kwanza. Inataka plastiki ya HDPE, chuma cha pua cha daraja la 316L au tangi lililovikwa mpira. Kwa hiyo tangi tupu la asidi lichukuliwe kuwa limejaa gesi ya kulipuka mpaka lioshwe na kupimwa, na fundi wa kuchomelea asiliguse kabla ya hapo. Ukipunguza makali, mimina asidi kwenye maji taratibu. Ukifanya kinyume, maji huchemka papo hapo na kurusha asidi usoni.

Weka akiba ya magadi soda (sodiamu kaboneti). Lita 1 ya asidi ya salfuriki ya asilimia 98 inahitaji kilo 2 hivi, hivyo mifuko miwili ya kilo 50 inamudu umwagikaji wa lita 50. Zungushia mchanga kwanza, kisha nyunyiza magadi kutoka pembeni kidogo kidogo, maana yanafoka na kupata joto.

Shawa ya dharura iwe hatua chache kutoka kwenye matangi, njia isiyo na kizingiti, na maji yatiririke dakika 15 hadi 20 bila kukatika. Ijaribu kila wiki saa nane mchana, si asubuhi. Tangi jeusi lililo juu ya mnara na bomba lililopita juani hutoa maji yanayounguza, na mtu aliyemwagikiwa asidi hatasimama chini yake hata dakika moja. Fukia bomba na kivulie tangi.

Kwa amonia isiyo na maji, machache ya msingi. Tangi lisijazwe zaidi ya asilimia 85, kwa sababu kimiminika hupanuka na jua. Shaba, shaba nyeupe na zinki zisitumike popote kwenye mabomba yake. Mlinzi ajue upepo unakoelekea, kwa hiyo pandisha bendera ya upepo. Dakar, Machi 1992, tangi la amonia lililokuwa limekarabatiwa na lililozoeleka kujazwa kupita kiasi lilipasuka na kuua zaidi ya watu 100.

Ramani getini na siku ya moto

Leja ya stoo ionyeshe kila lundo: bidhaa, tani, tarehe, mahali. Nakala ya ramani hiyo ikae kwenye kasha lisiloingia maji getini, ibadilishwe kila Jumatatu, na kikosi cha zimamoto cha karibu kiletwe kutembelea ghala angalau mara moja kwa mwaka. Mwaka 2013 Beirut ilipokea meli Rhosus ikiwa na tani 2,750 za nitrati ya amonia zilizokuwa safarini kwenda Beira, Msumbiji. Mzigo ulishushwa, ukakaa kwenye jengo la bandari kwa miaka karibu sita pamoja na fataki, na tarehe 4 Agosti 2020 wazima moto walitumwa huko bila kuambiwa kilichomo, na mzigo ukalipuka. Hesabu ya mifuko ikipungua bila maelezo, polisi wajulishwe siku hiyo hiyo.

Moto ukiwa bado ni wa karatasi au waya na haujafika kwenye mbolea, kata umeme na zima. Ukifika kwenye nitrati, uamuzi ni mwingine. Mtungi wa unga, wa povu au wa gesi hautasaidia, kwa kuwa oksijeni inatoka ndani ya mbolea yenyewe. Ni maji mengi tu, kutoka mbali, na milango ikiwa wazi. Kufunga ndiko kunakobana joto na gesi. Huko Texas City, tarehe 16 Aprili 1947, nahodha wa Grandcamp aliamuru mifuniko ifungwe na mvuke upulizwe ndani ili kunusuru shehena, na meli ililipuka ikiua mamia. Ukiona moshi wa rangi ya kahawia au machungwa, au moto umeshapanda lundo, acha kila kitu, piga simu 114 ukiwa Tanzania, na ondoa watu. Winston-Salem, Marekani, Januari 2022, kulikuwa na tani 600 hivi. Wazima moto waliondoka, wakazi wa umbali wa kilomita 1.6 wakahamishwa, na hakuna aliyekufa. Kwa mtaa uliozunguka ghala maana yake ni kuwa na njia ya kutoka iliyokubaliwa na serikali ya mtaa mapema.

Moshi ule wa kahawia ni oksidi za nitrojeni. Aliyeuvuta anaweza kujisikia mzima jioni na kushindwa kupumua usiku, mapafu yakijaa maji, kwa hiyo apelekwe hospitali na aangaliwe kwa saa 48 hata kama anasisitiza kwamba hana tatizo. Maji yaliyozimia moto nayo yamejaa nitrati: yazuiwe yasifike kisimani wala mahali ng'ombe wanapokunywa, na majirani waambiwe wasichote mpaka maji yapimwe.